Kani 400 N na 300 N kwa nyuzi 60: michoro miwili, majibu mawili, tatizo liko wapi?

Binti wa Tandika

Habari za jioni wakubwa zangu, naomba msaada.

Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, narudia Fizikia. Mchana nakaa dukani kwa shangazi hapa Tandika, jioni naenda tuisheni, kwa hiyo nachora wateja wakipungua, daftari likiwa juu ya kaunta kati ya mizani na ndoo ya maandazi. Swali lenyewe hili hapa:

Nguzo inavutwa na kamba mbili zilizofungwa sehemu moja. Kamba ya kwanza inavuta kwa kani ya 400 N (N ni newton, kipimo cha kani), ya pili kwa 300 N, na pembe kati yao ni nyuzi 60. Kwa kuchora kwa skeli, tafuta ukubwa na mwelekeo wa kani tokeo (kani moja inayofanya kazi ya zote mbili kwa pamoja).

Nimechukua skeli ya sm 1 kwa 100 N. Kwanza nikachora kwa msambamba, lile umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ziko sambamba: mishale yote miwili ikaanzia nukta moja, nikakamilisha msambamba, nikapima ulalo unaoanzia nukta hiyo. Nimepata sm 6.1, yaani 610 N. Halafu nikachora kwa njia ya kichwa kwa mkia: mshale wa sm 4, kwenye ncha yake nikaweka protrakta nikapima nyuzi 60, nikachora mshale wa sm 3, nikaunga mwanzo na mwisho. Hapo nimepata sm 3.6, yaani 360 N. Mwenzangu wa tuisheni naye kachora kwenye daftari lake, majibu ni hayo hayo mawili.

Tumeambiwa njia hizi mbili ni kitu kimoja. Sasa 610 na 360 zinakuwaje kitu kimoja? Urefu nimerudia kuupima, uko sawa. Nyuzi 60 ziko sawa. Na kuna jambo jingine: kwa nini jibu lisiwe 700 tu, maana kamba zote mbili zinavuta nguzo hiyo hiyo moja?

Naomba mtu anieleweshe. Jibu peke yake halitanisaidia, lipo nyuma ya kitabu: 608 N.

Kijana wa Ubungo

Dada, achana na rula. Tumia kanuni ya kosaini: 400 kipeo cha pili, jumlisha 300 kipeo cha pili, jumlisha mara mbili ya 400 kwa 300 kwa kosaini ya 60. Unapata 370,000, kipeuo chake cha pili ni 608. Dakika moja umemaliza. Kuchora ni kupoteza muda, na penseli ikiwa nene jibu linapotea. Mimi nilipita Kidato cha Nne bila kuchora hata mmoja.

Fundi Laini

Binti wa Tandika, vipimo vyako vyote viko sawa, usiwe na wasiwasi. Tatizo liko mahali ulipoziweka hizo nyuzi 60, basi.

Rudi kwenye swali. Kamba zimefungwa sehemu moja, zinatoka pale kwenye nguzo zikiachana. Kwa hiyo nyuzi 60 ni pembe iliyoko kwenye mikia ya mishale, pale yote miwili inapoanzia. Ukichora msambamba, nyuzi 60 zinajikalia mahali pake, maana umeanzia nukta moja. Kwa kichwa kwa mkia ni tofauti. Unauchukua mshale wa pili kutoka pale ulipokuwa, unaupeleka mkia wake ukae kwenye ncha ya mshale wa kwanza. Kuuhamisha ni ruksa. Kuuzungusha si ruksa. Ukifika mahali papya lazima uelekee kule kule ulikokuwa ukielekea mwanzo.

Sasa fanya hivi. Mshale wa 400 uchore mlalo, kwenda kulia. Ukifika kwenye ncha yake usisimame, endelea mbele na mstari hafifu wa nukta nukta, sentimita tano hivi. Kitovu cha protrakta kiweke kwenye ncha, na mstari wa sifuri ulale juu ya zile nukta, upande wa mbele. Kutoka hapo ndipo upime nyuzi 60, kisha uchore mshale wako wa 300. Tazama ndani ya pembetatu: pembe iliyoko pale kwenye ncha ni nyuzi 120. Wewe ulilaza sifuri juu ya mshale wenyewe, upande uliotokea, na nyuzi 60 ukazipima kwa ndani. Hapo mshale wa 300 umegeuka, unaelekea juu na nyuma, unamvuta mwenzake badala ya kumsaidia. Zile 360 N zako ni jibu zuri kabisa la swali jingine: kamba mbili zilizoachana kwa nyuzi 120.

Kuhusu 700. Kamba zikivuta njia moja kabisa, pembe sifuri, tokeo ni 700. Zikivutana kinyume, nyuzi 180, ni 100. Zikiwa mraba, nyuzi 90, ni 500, ile 3, 4, 5 ambayo kila fundi mwashi anaitumia kupima kona ya msingi. Pembe ikipanuka, tokeo linapungua, kwa sababu sehemu ya nguvu ya kila kamba inaishia kuivuta kamba nyingine kando badala ya kuivuta nguzo mbele. Nyuzi 60 ziko kati ya 0 na 90, basi jibu lako lazima liwe kati ya 500 na 700. Hilo lifanye kichwani kabla hujachonga penseli. Ukiwa nalo, 360 ukiiona tu unajua imekataa, hata kama kitabu hakina majibu nyuma.

Sasa kijana wa Ubungo, hesabu yako ni sahihi na sina ugomvi nayo. Ila hilo la kupoteza muda nalikataa kwa moyo wote. Mchoro wa skeli ni chombo cha kupimia, kama mizani ya dukani kwa shangazi yake, na chombo cha kupimia kina ukubwa wake wa kosa ambao mwenyewe unaweza kuupunguza. Kwa skeli ya sm 1 kwa 100 N, milimita moja ya rula ni 10 N. Ndiyo maana binti kapata 610 badala ya 608, na hiyo 610 ni halali kwa skeli hiyo. Chukua sm 1 kwa 25 N. Mishale inakuwa sm 16 na sm 12, tokeo linakuja sm 24.3. Laza karatasi ya A4 kwa urefu wake, linaenea, na rula ya sm 30 inatosha. Hapo milimita moja ni 2.5 N. Karatasi ile ile, penseli ile ile, kosa limeshuka mara nne. Watu wengi wanachora vidude vya sentimita tatu pembeni mwa ukurasa, halafu wanalalamika kuwa kuchora hakuna uhakika.

Kwa pembe nako uwe mwangalifu. Katika swali hili, ukikosea nyuzi moja kwenye protrakta, tokeo linasogea kama 3 N. Si kubwa, lakini inajumlishana na la rula. Penseli iwe ngumu kidogo, HB inatosha, ichongwe mpaka ncha iwe kali, na nukta ya pembe uiweke mbali na kitovu, usiiweke karibu. Na msambamba usiuchore kwa kukisia mistari ionekane sambamba. Shika bikari. Ifungue sm 12, sindano kwenye ncha ya mshale wa sm 16, chora tao. Ifungue sm 16, sindano kwenye ncha ya mshale wa sm 12, chora tao jingine. Yanapokatana ndiyo kona ya nne, imekwisha.

Mwelekeo usiusahau. Swali limeuliza ukubwa na mwelekeo. Pima pembe kati ya ulalo na mshale wa 400, utapata nyuzi 25 na kidogo. Andika: 608 N, nyuzi 25 kutoka kwenye kamba ya 400 N, kuelekea upande wa kamba ya 300 N. Ile sehemu ya mwisho ndiyo watu wanaiacha. Nyuzi 25 upande gani?

Nasema hivi kwa sababu nimefanya kazi ya laini za umeme miaka mingi, Temeke na kwingine, na nguzo ya kona ndiyo iliyonifundisha somo hili. Ukifunga duka, binti, tafuta hapo mtaani mahali laini inapokata kona. Nguzo iliyo katikati ya mtaa ulionyooka inavutwa mbele na nyuma kwa nguvu sawa, zinafutana, nguzo haina habari. Ya kona hazifutani. Tuseme, kwa kujifunzia, kila upande waya zinavuta kwa 2 kN (kilonewton 2, yaani 2,000 N) na kona ni mraba, upande mmoja unaenda mashariki na mwingine kaskazini. Skeli sm 1 kwa 0.5 kN. Sm 4 kwenda mashariki, kwenye ncha yake sm 4 kwenda kaskazini, unga. Utapima karibu sm 5.7, yaani 2.8 kN, na mshale unaelekea kaskazini-mashariki, katikati kabisa ya kona, kwenye paa la nyumba iliyokaa hapo ndani. Huko ndiko nguzo inakotaka kulala.

Basi ile waya ya kushikilia nguzo, sisi tunaiita stei, inakaa upande wa pili wa mstari huo huo, kusini-magharibi, nyuma ya nguzo. Haikai kwenye mstari wa mtaa huu wala wa mtaa ule. Kaitazame: chini fimbo ya chuma imetokeza ardhini, waya iliyosokotwa inapanda kwenye nguzo, na katikati yake kuna kauri yenye umbo la yai ili umeme ukipotea juu usishuke hadi mahali watoto wanaposhika. Simama kwenye fimbo, tazama nguzo. Mbele yako mitaa miwili inaachana kushoto na kulia kwa pembe sawa. Umesimama juu ya mstari wa tokeo.

Kuna mchoro wa pili, wa ubavuni. Stei imeshuka kwa mshazari, tuseme nyuzi 45 na ardhi, na juu imefungwa usawa wa waya. Yenyewe inavuta kwa mshazari, lakini kazi tunayoitaka ni ya mlalo, 2.8 kN. Chora mlalo sm 5.7, mwishoni simamisha mstari wa wima, mwanzoni toka na nyuzi 45 mpaka ukutane nao. Ule mshazari unapima sm 8. Yaani stei inabeba 4 kN ili kuzuia 2.8. Na ule wima, sm 5.7 nyingine, ni kani inayoikandamiza nguzo kwenda chini. Ukiibana stei karibu na nguzo kwa sababu uwanja ni mdogo, kama mitaa yetu ilivyo, mshazari unasimama zaidi, na kwa kazi ile ile ya mlalo waya inabeba mzigo mkubwa zaidi. Chora kwa nyuzi 60 na ardhi, utapima sm 11.3, hiyo ni zaidi ya 5.6 kN. Kosaini nayo itakupa namba hiyo. Lakini mchoro unakuonyesha kwa nini imekua, mshazari unavyorefuka mbele ya macho yako.

Kijana wa Ubungo

Mzee shikamoo. Hiyo ya stei sikuwahi kuifikiria, na nguzo ya namna hiyo ipo mbele ya geti letu, nimetoka kuitazama sasa hivi. Fimbo iko kwenye mstari kabisa kama ulivyosema. Swali: kani zikiwa tatu au nne mchoro unakuwaje? Kwa msambamba ni mbili mbili tu.

Fundi Laini

Marahaba mwanangu. Hilo namwachia mwalimu, nimeona yupo humu.

Mwalimu wa Kinondoni

Nashukuru mzee. Maelezo ya pembe ya ndani na ya nje ndiyo ninayoyarudia kila mwaka ubaoni, na kila mwaka nusu ya darasa wanaweka 60 kwa ndani.

Kijana, kani zikizidi mbili, kichwa kwa mkia ndiyo njia yenyewe. Tuchukue swali la binti, tuongeze kamba ya tatu ya 250 N kwa nyuzi 150 kutoka kwenye kamba ya 400, tukizihesabu kinyume cha saa. Skeli sm 1 kwa 50 N. Mshale wa kwanza sm 8 mlalo kwenda kulia. Kwenye ncha yake, wa pili, sm 6 kwa nyuzi 60. Kwenye ncha ya wa pili, wa tatu, sm 5 kwa nyuzi 150. Pembe zote zipime kutoka kwenye mstari mmoja wa mlalo, usipime kutoka kwenye mshale uliotangulia. Mimi wanafunzi nawaambia kila wakifika kwenye ncha wachore kwanza kamstari kadogo ka mlalo kwenda kulia, ndipo waweke protrakta. Mwisho unga mkia wa mshale wa kwanza na ncha ya mshale wa mwisho. Utapima sm 10.2 kwa nyuzi 49, yaani kama 510 N.

Sasa anza na wa tatu, ufuate wa kwanza, umalizie na wa pili. Umbo litakuwa jingine kabisa, mistari inaweza hata kukatana, lakini tokeo litakuwa lile lile, urefu ule ule, mwelekeo ule ule. Fanya hivyo kwa mkono wako mara moja, hutakuja kulisahau.

Kuna sehemu moja ambapo nimeona alama nyingi zikipotea: kichwa cha mshale wa tokeo. Mshale wa tokeo unatoka mwanzo wa safari kwenda mwisho wa safari, yaani unaenda kinyume na mzunguko wa ile mingine. Ukiugeuza uendelee na mzunguko, umechora kani sawazishi, ile inayotakiwa kuongezwa ili nguzo itulie. Ukubwa ni ule ule, mwelekeo ni kinyume. Stei ya mzee, kwa upande wake wa mlalo, ndiyo kani sawazishi. Na ikitokea ncha ya mshale wa mwisho imerudi yenyewe kwenye mkia wa kwanza, umbo limejifunga, hapo tokeo ni sifuri na kitu kiko kwenye msawazo.

Kingine ni kuandika skeli juu ya mchoro. Mchoro usio na skeli hausomeki, hata kama ni safi. Andika "sm 1 kuwakilisha 25 N", kila mshale uandikie kani yake, na mistari ya kusaidia iwe hafifu ili anayesahihisha aone ulipita wapi. Usiifute. Swali likisema kwa kuchora, ukileta kosaini peke yake hujajibu swali.

Na kwa anayedhani hii ni kazi ya watoto wa shule: Newton aliuweka msambamba wa kani mwanzoni kabisa mwa kazi yake ya mwaka 1687, mara tu baada ya sheria zake tatu za mwendo. Katika karne ya 19, Karl Culmann alikuwa akifundisha wahandisi kule Zurich kutafuta kani za madaraja na mapaa kwa kuchora tu, poligoni juu ya poligoni. Mwanafunzi wake mmoja, Maurice Koechlin, ndiye aliyechora wazo la kwanza la mnara wa Eiffel akiwa na mwenzake Émile Nouguier, na mnara ukasimama Paris mwaka 1889. Rula, penseli na skeli nzuri.

Hapa kwetu, mkipita Daraja la Tanzanite tazameni kebo zinazoshuka kutoka kwenye nguzo zake kwenda pande zote mbili. Chora kebo mbili zilizo sawa, moja kushoto moja kulia, kichwa kwa mkia. Upande wa mlalo unafutana, na tokeo linashuka wima kuingia kwenye nguzo. Ni mchoro wa mistari mitatu, na mwanafunzi akishauchora hahitaji mimi nimweleze kwa nini kebo zimepangwa kwa jozi.

Binti wa Tandika

Shikamooni wote, mzee na mwalimu. Asanteni sana kwa muda wenu.

Nimechora upya kwa sm 1 kwa 25 N. Kichwa kwa mkia, na ule mstari wa nukta nukta: sm 24.3, pembe nyuzi 25. Msambamba kwa bikari: sm 24.3 pia. Sasa naona ni kitu kimoja, maana ile pembetatu ni nusu ya msambamba. Shangazi kaniuliza nachora nini, nikamwonyesha nguzo ya kona iliyo karibu na mashine ya kusaga. Naye kasimama kwenye fimbo akatazama.

Nina jingine kama hamjachoka. Ubao wa duka letu umening'inizwa kwa waya mbili kutoka kwenye boriti. Tumeupima kwenye mizani, kilo 6. Waya moja imelala zaidi, kama nyuzi 30 kutoka mlalo, nyingine imesimama, kama nyuzi 60. Hapa kani ninayoijua ni moja tu, uzito. Naweza kuchora kurudi nyuma nikapata mkazo wa kila waya, yaani kani ambayo kila waya inavuta?

Fundi Laini

Marahaba mwanangu. Unaweza, na kazini ndiyo inatumika zaidi hivyo, kwa sababu uzito unaujua na waya ndiyo unayotaka kuichagua.

Ubao umetulia, kwa hiyo mishale mitatu lazima ijifunge kama mwalimu alivyosema. Kilo 6 ichukue kama 60 N. Skeli sm 1 kwa 10 N. Chora uzito kwanza, sm 6 wima kwenda chini. Urefu wa mishale ya waya huujui, lakini mielekeo yake unaijua, na hiyo inatosha. Kutoka kwenye ncha ya chini ya uzito toa mstari mrefu hafifu wa nyuzi 60 kutoka mlalo, kupanda kulia, sambamba na waya iliyosimama. Kutoka juu, kwenye mkia wa uzito, toa mstari wa nyuzi 30 kutoka mlalo, kushuka kulia, sambamba na waya iliyolala. Itakutana. Usiipime kabla haijakutana, maana mahali inapokutana ndipo panapokupa jibu.

Waya iliyosimama itapima sm 5.2, yaani 52 N. Iliyolala sm 3, yaani 30 N. Jumla ni 82, na ubao ni 60 tu. Isikushtue, maana waya zinatumia sehemu ya nguvu yake kuvutana zenyewe kushoto na kulia. Zungusha vichwa vya mishale: uzito unashuka, waya iliyosimama inapanda kulia, iliyolala inapanda kushoto kurudi ulikoanzia. Imejifunga.

Ukimaliza, jaribu na waya zote mbili kwa nyuzi 30. Kila moja itakuwa sm 6, yaani 60 N, uzito mzima wa ubao kwenye kila waya. Halafu zilaze zote hadi nyuzi 10: kila moja ni sm 17.3, hiyo ni 173 N, karibu mara tatu ya ubao wenyewe. Hii ndiyo sababu laini ya umeme kati ya nguzo na nguzo tunaiacha ilegee kidogo. Watu wanapita chini wanasema mafundi hawakuikaza. Waya ikivutwa mpaka inyooke, mkazo wake unapanda kama ulivyoona hapo, na waya ikipoa usiku inafupika kidogo, inanyooka zaidi, mkazo unaongezeka tena. Kamba ya kuanikia nguo nayo ni hivyo hivyo, ikikazwa sana inang'oa misumari.

Kwa nyuzi 5 mistari itakutana kwenye sm 34, itatoka nje ya A4. Hapo badili skeli, chukua sm 1 kwa 20 N, na uandike juu ya mchoro kwamba umebadili.